Fomu Iliyosema Subiri

Tangu Jumatatu asubuhi laptopu ilikuwa imewekwa juu ya meza ya kulia, imewashwa, na nyumba nzima ikawa inaizunguka kwa adabu kama vile ndani kuna mgonjwa. Chakula kililiwa mapajani. Redio ilipunguzwa sauti. Waya wa umeme ulikatiza sebule kutoka ukutani hadi mezani, na Mama Pindo alikuwa ameshaukanyaga mara mbili na kusemwa mara mbili. Sasa ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Alikuwa amerudi kutoka kazini kula, akamkuta mumewe ameketi palepale alipomwacha asubuhi, miwani puani, mikono magotini, anatazama kioo.

"Bado?" aliuliza.

"Bado. Imesema tusubiri."

Mumewe alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja. Amestaafu, lakini mtaa mzima ulikuwa bado unamwita Karani, naye alikuwa bado anaitika kwa furaha. Jina la Mama Pindo nalo lilitokana na kazi. Alikuwa fundi cherehani katika chumba namba kumi na saba cha jengo la soko, na watu walimletea suruali ndefu awapunguzie. Anayejua kupinda suruali isionekane kama imepindwa ni mmoja katika mia, na huyo mmoja alikuwa yeye. Jina likaganda hadi wengine walidhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Chumba hicho ndicho kilichowaweka mezani siku nne. Uongozi mpya wa soko ulikuwa umetoa tangazo: kila mwenye chumba ajaze fomu ya kuendelea na upangaji. Fomu inaletwa kwa barua pepe, inajazwa kwenye kompyuta, inarudishwa kwa kompyuta. Ya kalamu haipokelewi. Mwisho Ijumaa, saa kumi alasiri, na ambaye fomu yake haitakuwa imefika, chumba chake atapewa mwingine. Orodha ya waliokuwa wakiomba vyumba ilibandikwa kwenye mlango wa jengo, kurasa nne, ili asiwepo wa kusema hakujua. Mama Pindo alikuwa na miaka kumi na tisa ndani ya chumba kile. Alijua mvua ikinyesha ni bati lipi linavuja, na jua likishuka ni pembe ipi inafaa kutungia uzi.

"Niachie mimi," Karani alikuwa amesema Jumatatu. "Fomu zina wenyewe." Naye alimwachia, kwa sababu katika miaka yao yote ya ndoa hakuna fomu iliyopita ndani ya nyumba hiyo bila mkono wa Karani: za shule, za kliniki, za maji, hata ile ya kudai mbuzi aliyegongwa na gari.

"Baba Watoto, kesho saa kumi ndiyo mwisho," alisema sasa, sahani mkononi.

"Najua."

"Na imesema tusubiri mpaka lini?"

"Haikusema. Lakini ikisema subiri, ujue kuna mtu anashughulikia upande wa pili."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote aliyepo zamu. Mimi nilipokuwa namwambia mzazi asubiri, simwachi hivihivi. Naingia ndani, natafuta faili la mtoto wake. Subiri ya ofisini ni ahadi, mke wangu."

Mama Pindo alikitazama kioo. Macho ya Karani yalikuwa yameanza kumsaliti, kwa hiyo alikuwa amekuza maandishi mpaka maneno mawili tu yakajaa pote, makubwa kama ya kibao cha duka: TAFADHALI SUBIRI.

"Na huku chini kuna nini?"

"Chini wapi?"

"Chini ya haya maneno. Karatasi haiwezi kuwa na maneno mawili tu."

"Usiguse! Ukiigusa itaanza upya, tupoteze zamu!"

Alikuwa ameshaigusa. Aliusukuma ukurasa juu kwa kidole kilichokomazwa na sindano, na kutoka chini yakachomoza maandishi mengine, madogo, ya kijivu. Akayasoma kwa sauti, polepole, huku Karani akisogea na kiti chake. "Ujumbe huu usipoondoka baada ya muda mfupi, programu unayotumia haiwezi kuonyesha fomu ya aina hii. Hifadhi faili, kisha ulifungue kwa programu kamili ya kusomea nyaraka."

Akaondoa kidole.

"Muda mfupi," alisema Mama Pindo. "Sisi tuna siku nne."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, akayasoma maandishi yale mwenyewe. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akijisifu kwamba husoma karatasi yoyote mpaka anwani ya mpiga chapa. Mama Pindo alikuwa na neno kali mdomoni, tena alistahili kulitoa, lakini alipomwona shingo imemwinama alilimeza pamoja na tonge. Hasira na huruma zilimpata kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyokuwa kubwa.

"Vaa koti," alisema. "Twende ofisini kabla hawajafunga."

*

Ofisi ya soko ilikuwa na dirisha moja, na mbele ya dirisha foleni iliyojipinda mpaka kwenye ngazi. Mbele yao alikuwa muuza nyama wa chumba namba tatu, aproni bado kiunoni. Yeye alikuwa ameamua kwamba subira si kazi yake. Alikuwa ameupiga chapa ukurasa wa TAFADHALI SUBIRI kama ulivyo, na kwenye nafasi nyeupe chini yake ameandika kwa kalamu jina lake, namba ya chumba, namba ya simu, na sahihi.

"Hii ni nini?" aliuliza dada wa dirishani.

"Fomu."

"Hii si fomu, baba. Hii ni karatasi inayokwambia usubiri."

"Nimesubiri. Imeandikwa tafadhali, nami nikakubali. Nimeweka na sahihi."

Watu walicheka, na muuza nyama akacheka nao, lakini alipogeuka kuondoka Mama Pindo aliona jasho linavyomtiririka. Alikuwa na watoto watano na mizani moja.

Zamu yao ilipofika, Karani alijisogeza dirishani na kukohoa kikohozi cha kiofisi. "Binti yangu, habari za kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa mtumishi, miaka thelathini na moja. Sasa, kuhusu fomu hii, haifunguki."

"Kwetu inafunguka, mzee."

"Naam, lakini kwetu..."

"Kwetu inafunguka. Simama pembeni usubiri, nihudumie wengine."

Karani akasimama pembeni. Alisimama wima, koti limefungwa vifungo vyote viwili, mikono nyuma, kama walivyosimama wazazi mbele ya dirisha lake mwenyewe kwa miaka thelathini na moja. Mama Pindo hakusogea.

"Dada, samahani. Hiyo yenu inayofunguka, mnaifungua kwa nini?"

Dada wa dirishani aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Kwa kompyuta."

"Kompyuta hata sisi tunayo. Ndani ya kompyuta, mnabonyeza kitu gani?"

"Hiyo programu yenye alama nyekundu. Sijui inaitwaje, nimeikuta hapa." Alivuta daftari. "Chumba namba ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba. Mbona hapa kina jina la mwanamume? Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye ninayeshona mle ndani."

"Sijauliza nani anashona. Nimeuliza wewe ni nani wake."

"Mke wake."

"Basi fomu ni ya kwake. Na ajue kabisa: makufuli yote yanabadilishwa, na funguo mpya anapewa aliyeandikwa kwenye fomu. Anayefuata!"

Walishuka ngazi. Walilipita genge la nyanya, wakaipita karakana ya baiskeli, na mpaka wanafika kona ya nyumbani Mama Pindo alikuwa amekwisha kuhesabu moyoni kodi zote alizolipa kwa miaka kumi na tisa kwa pesa ya pindo moja moja.

"Jina lako," alisema hatimaye.

"Nilijaza kwa mazoea," alijibu Karani. "Ulikuwa umejifungua, una siku tatu. Niliulizwa mkuu wa kaya. Nikaandika mkuu wa kaya. Sikufikiri."

"Unamkumbuka yule muuza vitambaa wa chumba ishirini na mbili?"

Karani alimkumbuka. Nani asingemkumbuka? Mumewe alifariki, na kabla viti vya msiba havijarudishwa, mashemeji walikuwa wamefika sokoni na kufuli lao. Karatasi ilikuwa na jina la ndugu yao, wakasema, na karatasi haina machozi. Sasa mama yule alikuwa anauza vitambaa vilevile chini, juu ya turubai.

"Mimi si kama wale," alisema Karani.

"Wewe si kama wale. Lakini una kaka wawili." Alifungua mlango wa nyumba. "Imeniuma, Baba Watoto. Sitakuficha. Lakini fomu haijafunguka, na fomu isiyofunguka haina jina la mtu. Kesho tunaifungua kwanza."

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Mama Pindo alimwambia msusi wa chumba cha jirani ampokelee wateja, akachukua chaki na kipande cha karatasi ya kaki anayokatia ruwaza, akaongoza njia. Karani alifuata na mkoba. Waliingia katika duka la huduma za kompyuta la mwanamke mnene, mwenye sweta hata wakati wa jua, ambaye watu walimwita Madamu. Duka lilikuwa na kompyuta nne, na juu ya kila moja kikaratasi: USIBONYEZE USICHOKIJUA.

"Kama ni fomu ya soko, okoeni hela zenu," alisema Madamu kabla hata ya salamu. "Fomu ile ni mbovu. Jana wamekuja sita, wote wamerudi na sura zao."

"Sisi tutakuwa wa saba," alisema Mama Pindo, akalipia kompyuta mpaka saa nane mchana. "Karibu na wewe uangalie."

"Nimeshaangalia. Inasema subiri, basi."

Mama Pindo aliweka karatasi ya kaki juu ya meza na kuandika kwa chaki namba moja. "Madamu, cherehani ikiruka mshono, fundi mbovu anasema imekufa. Anafungua kila kitu, anabadilisha sindano, uzi, mkanda, vyote kwa mpigo. Ikipona hajui dawa ilikuwa ipi. Isipopona hajui ameharibu nini. Fundi wa kweli anabadilisha kitu kimoja, anashona kidogo, anaangalia. Bado? Cha pili. Anashona, anaangalia."

"Hii si cherehani, mama."

"Ndiyo maana nimekuja na chaki, sikuja na mafuta."

Karani aliketi mbele ya kompyuta, kwa kuwa vidole vyake kumi vilikuwa na ujuzi ambao mkewe hakuwa nao. Akafungua barua pepe, akabonyeza fomu. TAFADHALI SUBIRI. Mama Pindo akaandika kando ya namba moja: ndani ya barua, hapana.

"Sasa hifadhi kwenye kompyuta kwanza, halafu uibonyeze kutoka pale ilipohifadhiwa. Usibadilishe kingine."

Karani akahifadhi, akabonyeza mara mbili. Dirisha lilelile likafunguka, maneno yaleyale. Namba mbili, hapana. Madamu aliguna kwa ushindi. Mama Pindo hakubabaika. Alikuwa ameona cherehani za kila namna, na inayoziduwaza akili za watu mara nyingi ilikuwa na kosa dogo kuliko inayopiga kelele.

"Inafunguka mahali palepale kila mara," alisema. "Angalia juu hapo, ni kilekile cha kuingilia mtandaoni. Tumemtoa mtoto chumbani, karudi mwenyewe. Madamu, humu mna programu yenye alama nyekundu?"

"Ipo. Haitumiki sana. Watu wakibonyeza tu, vitu vinafungukia kwenye mtandao."

"Mtu akitaka faili lifungukie kule kwenye nyekundu, anafanyaje?"

Madamu alifikiri, na kwa mara ya kwanza akasogeza kiti. Alishika kipanya, akabonyeza upande wa kulia wake, ikatokea orodha, akachagua *fungua kwa kutumia*. Alama nyekundu ilikuwepo, ya tatu. Akaibonyeza. Kioo kikawa cheupe, kikakaa, kikakaa, Karani akashika pumzi. Kisha fomu ikatokea: nembo ya soko, mistari, visanduku, kurasa tisa.

"Haa!" alisema Madamu. "Kumbe ni nzima!"

Mama Pindo akaandika kando ya namba tatu: alama nyekundu, ndiyo. Akaipigia mstari.

Lakini Karani alipobonyeza kisanduku cha kwanza na kuanza kuandika, hakuna kilichoandikika. Alibonyeza cha pili, cha tatu. Alipiga herufi kwa nguvu, kana kwamba fomu ina usikivu mdogo. Wapi! Ilikuwa kama suti kwenye kioo cha duka, unaiona na huivai.

"Si niliwaambia," alisema Madamu, ingawa hakuwa amewaambia hilo.

"Ngoja," alisema Mama Pindo. "Jana tulikosea kwa kutotazama chini. Leo tutazame na juu."

Juu kabisa kulikuwa na mkanda mwembamba wa njano. Karani aliusoma kwa sauti yake ya mikutano. Ulisema kwamba faili limetoka mtandaoni na huenda si salama, kwa hiyo limefungiwa, na mwishoni ulikuwa na kitufe: *Ruhusu kujaza*.

"Hapo msibonyeze," alisema Madamu haraka. "Limesema si salama."

"Limesema huenda," alisema Karani.

"Kwenye mashine yangu hakuna huenda. Mwaka jana mtu alibonyeza onyo kama hilo, mashine mbili zikalala wiki nzima."

"Madamu ana haki," alisema Mama Pindo. "Mashine ni ugali wake. Baba Watoto, barua hii imetoka kwa nani? Soma anwani yote, usiruke."

Karani akairudia barua, akasoma anwani herufi kwa herufi, kisha akatoa mkobani tangazo la soko alilolikunja vizuri, akailinganisha na iliyochapwa pale. Zilikuwa sawasawa. Madamu akalinganisha mwenyewe mara mbili.

"Mtumaji tunamjua, ofisi yake tulikuwepo jana," alisema Mama Pindo. "Mashine yako ikilala kwa sababu ya kitufe hiki, nitakushonea mapazia ya duka zima, kitambaa changu, uzi wangu. Karani ni shahidi."

"Na sweta?"

"Sweta unalo, Madamu."

Madamu alicheka mpaka kiti kikalia. Akakibonyeza kile kitufe yeye mwenyewe, macho ameyafumba nusu. Mkanda ukatoweka, na visanduku vyote vya ukurasa vikageuka rangi ya samawati nyepesi. Karani aligusa kimoja, akaandika *kumi na saba*, na kumi na saba ikakaa.

*

Saa sita na robo Karani alikuwa katika ufalme wake. Vidole kumi vilikuwa vinakimbia bila yeye kuvitazama, kama alivyoandika ripoti za watoto mia sita kila muhula, na Madamu alisimama nyuma yake akishangaa. Aina ya biashara. Idadi ya mashine. Namba ya simu, ambayo fomu iliikataa na kuizungushia wekundu mpaka Mama Pindo alipomwambia aondoe zile nafasi katikati ya tarakimu, kitu kimoja tu, aone. Wekundu ukafutika.

Kisanduku kimoja tu hakikugusika. Kilikuwa cha kwanza kabisa, *Jina la mwenye chumba*. Hakikuwa samawati, kilikuwa kijivu, na ndani yake lilikuwa tayari jina la Karani, majina yake matatu. Walikibonyeza mara moja, mara mbili. Waliihifadhi fomu, wakaifunga, wakaifungua. Mama Pindo aliandika namba nne, tano na sita kwenye kaki, na zote zikawa hapana.

"Hicho kimetoka ofisini kimeshajazwa," alisema Madamu. "Hicho hakibadiliki."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi. Mama Pindo aliitazama, akalitazama jina. Aliwaza kufuli la mashemeji, halafu akawaza kurasa nne za majina zilizobandikwa mlangoni.

"Liache," alisema. "Tutume. Nikikosa chumba kabisa, jina nitaliweka wapi? Mengine tutayasema baadaye."

Karani hakutuma. Aliondoa mkono kwenye kipanya, akairudisha fomu mwanzo.

"Baba Watoto, muda."

"Tuna saa mbili. Sijasoma."

"Umejaza yote!"

"Nimejaza. Sijasoma. Siku nne sikusoma, na unajua kilichotupata." Akasogeza uso karibu na kioo, akaanza ukurasa wa kwanza kwa sauti, neno kwa neno, masharti na maelezo na vijimaandishi vya pembeni. Mama Pindo alilipa saa nyingine. Ukurasa wa tatu ulihusu takataka. Wa tano vizima moto. Alikuwa anataka kumkaba, na wakati huohuo alikuwa anaijua sauti hiyo. Ndiyo iliyomsomea barua ya matokeo ya binti yao wa kwanza, na ndiyo iliyomsomea karatasi ya hospitali mwaka ule aliokuwa mgonjwa, bila kuruka hata jina la dawa.

Ukurasa wa tisa, chini ya nafasi ya tarehe, mahali ambapo mtu aliyekwisha kujaza huwa hatazami tena, Karani alinyamaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Soma," alisema Mama Pindo.

"Weka alama hapa kama taarifa za mwenye chumba zina marekebisho. Kisanduku cha kwanza kitafunguka. Mwenye chumba wa awali lazima aridhie kwa kuandika namba yake ya kitambulisho."

Hakumtazama mkewe na hakumuuliza. Aliweka alama. Ikafunguka nafasi ya mwenye chumba wa awali, akaandika namba yake ya kitambulisho kwa kichwa, haraka, na mbele ya neno *Naridhia* akabonyeza. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza. Kile kisanduku cha kijivu kilikuwa samawati, kitupu.

Mama Pindo alingoja vidole kumi vianze. Havikuanza. Karani alisimama, akakigeuza kiti na kumwekea.

"Kaa."

"Mimi siwezi kuandika haraka, unajua. Muda..."

"Muda upo. Mara ile niliandika mimi, nikakosea. Andika wewe."

Akakaa. Alitafuta herufi ya kwanza kwenye vitufe, akaibonyeza kwa kidole cha sindano, akatafuta ya pili. Jina lake halisi lilikuwa limekaa miaka mingi bila kazi. Madamu alikuwa halijui. Majirani walikuwa hawalijui. Lilipokamilika, la kwake, la baba yake na la babu yake, alilitazama kama anavyotazama mshono kabla ya kukata uzi, akaona limenyooka. Saa tisa na dakika tano akabonyeza *Tuma* yeye mwenyewe.

Maandishi yakatokea katikati ya kioo: Tafadhali subiri.

Karani akashika kichwa. Madamu akasema lo. Lakini Mama Pindo alikuwa ameshausogeza ukurasa, akatazama chini, akatazama juu, na kabla hajamaliza kutazama, maneno yale yakaondoka yenyewe na barua pepe ikalia.

"Wewe soma," alimwambia mumewe. "Miwani yangu iko sokoni."

Mlangoni alikuwa amesimama muuza nyama, aproni kiunoni, karatasi yake ya jana imekunjwa mkononi, anahema. Madamu alimwonyesha kiti na ile karatasi ya kaki yenye chaki, akamwambia aanzie namba tatu, mbili za kwanza zimeshajaribiwa. Karani alingoja kelele zitulie. Alifunga vifungo vyote viwili vya koti, akasimama mbele ya kioo, na kwa sauti ile aliyokuwa akiwaita nayo wazazi dirishani, kila mmoja kwa heshima yake, akasoma majina matatu ya mkewe, moja baada ya jingine, kama yalivyoandikwa juu ya barua: mwenye chumba namba kumi na saba.

"Abee," aliitika Mama Pindo, akachukua mkoba wake, akaenda kufungua chumba chake.